Mabishano ya Kondoa Juu ya Msimu wa Simba

Yako mabishano ambayo hayakomi kwa kipenga cha mwisho. Tangu jioni ya tarehe 25 Juni 2025, Young Africans walipowafunga Simba mabao mawili kwa bila katika uwanja wa Benjamin Mkapa na kuutwaa ubingwa wa Tanzania Bara, wapenzi wa kabumbu wa Kondoa wamekuwa na swali moja lisilokwisha: je, ule msimu wa Simba wa 2024/25 ulikuwa wa kufaulu au wa kushindwa? Swali hilo limebishaniwa stendi ya mabasi, limebishaniwa sokoni penye magunia ya alizeti, limebishaniwa vijiweni penye kahawa, na hapana shaka wanachuo wa Ualimu wa Bustani nao hawakuliacha lilale.

Huenda msomaji akashangaa kuona ukurasa wa maoni ukijitia katika habari za mpira, ambazo mahali pake ni ukurasa wa nyuma. Sisi twaona swali hili halikai ukurasa wa nyuma peke yake. Mfanyakazi anayekatwa katika mshahara wake mdogo nauli ya kwenda kuitazama timu, bei ya fulana nyekundu, kiingilio cha kibanda umiza, na wengine ada ya uanachama wa klabu, ana haki ya kuuliza alichokipata. Na kujua namna ya kupima kazi, kama imefaa au haikufaa, ni jambo ambalo mwanachama wa umoja wowote hulihitaji kila unapofika mkutano wa mwaka. Mtu asiyejua kupima atadanganywa na yeyote mwenye ulimi mzuri.

Kwanza tutazame timu ilikotoka, maana hapo ndipo wabishi wengi wanaporuka. Simba walikuwa mabingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hata ule wa 2020/21. Baada ya hapo zamu ikageuka, Yanga wakatwaa wao. Msimu wa 2023/24 ulikuwa mchungu kabisa kwa watu wa Msimbazi. Tarehe 5 Novemba 2023 walifungwa na Yanga mabao matano kwa moja, na mwisho wa ligi wakawa wa tatu, wenye pointi 69 sawa na Azam lakini wakipitwa kwa tofauti ya mabao. Kwa ajili hiyo hawakwenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Walipewa Kombe la Shirikisho. Wachezaji wengi wa zamani wakaondoka. John Bocco aliondoka. Clatous Chama, aliyekuwa kipenzi cha uwanja, akavuka barabara na kuingia Jangwani. Akaletwa mwalimu mpya kutoka Afrika Kusini, Fadlu Davids, akapewa vijana wengi wasiozoeana, akaambiwa ajenge.

Basi huyo ndiye mtu aliyeanza kazi Julai 2024. Asemaye kwamba Simba walianza msimu wakiwa timu iliyokamilika anasema asichokijua.

Afrika ilikuwa safari ya kusimuliwa. Waliwatoa Al Ahli ya Tripoli kwa sare ugenini na mabao matatu kwa moja nyumbani. Katika kundi lao walikuwamo CS Constantine ya Algeria, CS Sfaxien ya Tunisia na Bravos do Maquis ya Angola, nao Simba wakaliongoza kundi kwa pointi 13, wakishinda hata Tunisia kwenyewe, mahali ambapo timu zetu kwa miaka mingi zilikwenda kuhesabu mabao ya kufungwa. Robo fainali walifungwa na Al Masry mabao mawili kule Misri. Tarehe 9 Aprili 2025 wakayarudisha yote mawili mbele ya uwanja uliojaa, kisha wakashinda kwa mikwaju ya penalti, manne kwa moja. Nusu fainali, Stellenbosch ya Afrika Kusini ilifungwa bao moja Zanzibar kwa mkwaju wa adhabu wa Jean Charles Ahoua, na marudiano ya Durban yakaisha bila bao.

Hapo Simba wakafika fainali ya Afrika. Wazee wanaokumbuka watatuambia ilikuwa mara ya pili tu. Mara ya kwanza ni mwaka 1993, Kombe la CAF, walipotoka sare ya bila kufungana na Stella kule Abidjan, kisha wakafungwa mawili hapa hapa Dar es Salaam, jambo lililowafanya watu wazima kulia barabarani. Kabla ya hapo, mwaka 1974, walifika nusu fainali ya Klabu Bingwa, wakatolewa kwa penalti na Mehalla ya Misri. Kati ya 1993 na 2025 ni miaka 32. Mtoto aliyezaliwa Kondoa mwaka ule wa Stella alikuwa ameoa na kupata watoto ndipo Simba wakaiona fainali nyingine.

Fainali yenyewe twaijua. RS Berkane ya Morocco ilishinda mawili kwa bila kwake tarehe 17 Mei. Marudiano hayakuchezwa katika uwanja wa Benjamin Mkapa unaoingiza watu 60,000, kwa kuwa Shirikisho la Afrika liliona eneo la kuchezea halifai baada ya mvua. Yakapelekwa Amaan, Zanzibar, penye viti vichache zaidi. Tarehe 25 Mei Joshua Mutale akafunga mapema, Unguja na Bara zikatetemeka. Kipindi cha pili Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu. Bao jingine likaingia, likakataliwa baada ya mwamuzi kutazama picha. Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha, na kombe likaenda Morocco, la tatu la aina hiyo kwa klabu ile.

Sasa njooni kwenye ligi, maana hapo ndipo kisu kilipo.

Simba walimaliza na pointi 78 katika michezo 30. Walishinda 25, wakatoka sare mitatu, wakafungwa miwili. Msomaji na atulie juu ya hesabu hiyo. Msimu wa 2022/23 Yanga walikuwa mabingwa kwa pointi hizo hizo 78. Msimu wa 2021/22 walikuwa mabingwa kwa 74, bila kufungwa mchezo hata mmoja. Yaani hesabu iliyompa Yanga kombe na sherehe mwaka mmoja, ndiyo iliyompa Simba machozi mwaka mwingine, kwa kuwa mara hii Yanga walikusanya 82. Na hiyo michezo miwili ambayo Simba walifungwa, yote miwili waliwafunga Yanga. Timu nyingine 14 za ligi nzima hazikuweza.

Hapa watu wa Kondoa wana neno lao la pekee, nasi twalipenda kwa sababu linatokana na barabara yao. Kaskazini ya Kondoa, kwa mwendo wa kilomita mia moja hivi, uko mji wa Babati na uwanja wake wa Tanzanite Kwaraa. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi na mawe, na mtu alifika akiwa amebadilika rangi. Lami ya kutoka Dodoma hata Babati ilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na tangu hapo mwenye nauli huweza kwenda kutazama mpira na kurudi kulala kwake. Walioitumia lami hiyo msimu ule waliona mambo mawili. Tarehe 6 Februari 2025 waliona Simba wakiongoza kwa bao moja dhidi ya Fountain Gate, kisha mchezaji wa Simba akaurudisha mpira nyuma kwa mlinda mlango wake kutoka mbali, ukampita, ukaingia wavuni. Moja kwa moja. Tarehe 31 Mei, siku sita tu baada ya fainali ya Zanzibar, waliona Simba wakifungwa na Singida Black Stars matatu kwa moja katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini.

Shabiki wa Kondoa husema, nasi hesabu yake tumeihakiki: kabla ya mchezo wa tarehe 25 Juni Yanga walikuwa na pointi 79 na Simba 78. Yanga walihitaji sare tu. Kama ule mpira wa Babati usingeingia, Simba wangekuwa na 80, na ni Yanga ambao wangelazimika kushinda. “Ubingwa ulipotelea kwetu huku,” watu husema, kana kwamba waliuona umedondoka kando ya barabara. Jina la kijana aliyeurudisha mpira ule hatuliandiki. Alikuwa na umri mdogo na amekwisha kusemwa vya kutosha. Twakumbusha tu kwamba hata mchezo wa kwanza na Yanga, wa tarehe 19 Oktoba 2024, uliamuliwa na bao la kujifunga zikiwa zimebaki dakika chache. Mabao mawili ya kujifunga katika msimu mmoja, na tofauti ya pointi nne mwisho wa safari!

Basi wabishi wa Kondoa wamegawanyika, wala si katika makundi mawili kama mtu angedhani.

Wapo wahesabuji wa makombe. Hawa mara nyingi ni watu wazima, na hoja yao ni fupi kama fimbo ya mchungaji. Kabati liko wapi? Kombe liko wapi? Ngao ya Jamii haikupatikana, ligi haikupatikana, Kombe la Shirikisho la nchi halikupatikana, la Afrika halikupatikana. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1936, iliyotwaa ligi ya taifa ya kwanza kabisa mwaka 1965 ingali inaitwa Sunderland, haiwezi kufurahia nafasi ya pili. Mkulima haulizwi mahindi yake yalikuwa na rangi gani mwezi wa Machi, huulizwa magunia.

Wapo wahesabuji wa hatua, wengi wao vijana. Husema timu iliyokuwa ya tatu ikawa ya pili, ikaongeza pointi tisa, ikarudi Ligi ya Mabingwa, ikafika fainali ya Afrika kwa mara ya kwanza katika miaka 32. Husema vilevile, na hapa wana ukweli usiopingika, kwamba nchi yetu kupeleka vilabu vinne katika mashindano ya Afrika badala ya viwili ni matunda ya pointi ambazo Simba na wenzao wamezikusanya mwaka hadi mwaka. Na matunda hayo yameonekana: msimu uliofuata, wa 2025/26, Yanga, Simba, Azam na Singida Black Stars wote wanne waliingia hatua ya makundi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Je, hayo si kitu kwa kuwa hayawekwi kabatini?

Kisha wapo watu wa Yanga, ambao hawakualikwa katika mjadala lakini hawakosi. Wao hucheka. Huuliza ni mara ngapi Simba wamewafunga tangu ule mchezo wa matano, na kabla hujajibu hujibu wenyewe. Lakini hata hawa tuna neno nao. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ile ile ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakafungwa mbili kwa moja Dar es Salaam, wakashinda moja kwa bila Algiers, wakalikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini dhidi ya USM Alger. Walirudi wakapokewa kwa shangwe, na hakuna mtu wa Jangwani aliyeuita msimu ule wa kushindwa. Watatujibu kwamba wao mwaka ule walikuwa na ligi na kombe la nchi mkononi. Jibu hilo ni zuri, twalikubali. Ila linaonyesha kwamba fainali ya Afrika ni utukufu pale tu unapokuwa na kitu kingine nyumbani, na hilo ndilo jambo lenyewe linalobishaniwa.

Na tuseme ukweli kwa pande zote: msimu huo huo wa 2024/25 Yanga walikuwa na walimu watatu, mmoja akifukuzwa Novemba, wa pili akiondoka Februari, na katika Ligi ya Mabingwa hawakuvuka hatua ya makundi. Wakatwaa ligi, wakatwaa na Kombe la Shirikisho la nchi kwa kuwafunga Singida Black Stars. Fujo ofisini, makombe kabatini. Simba walikuwa na mwalimu mmoja, mpango mmoja, na kabati tupu. Anayetafuta haki katika mchezo wa mpira na atafute kazi nyingine.

Sisi hatukubaliani na wahesabuji wa makombe kwa ukamilifu, na sababu yetu tutaitoa Kondoa kwenyewe. Watu wa wilaya hii wanajua nini maana ya kazi isiyopimwa kwa mwaka mmoja. Miteremko ya Irangi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko, makorongo yakimeza mashamba, mchanga ukifunika mabonde. Mwaka 1973 ikaanzishwa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambayo kila mtu huku huiita HADO. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Kama ungefika mwaka ule wa 1979 ukauliza kama kazi imefaulu, mwenye ng'ombe aliyeambiwa ahamishe zizi lake angekutazama kwa jicho baya. Maziwa yamepungua, samadi imekwenda, na makorongo yangali pale pale. Miaka kumi, miaka ishirini baadaye, miti na nyasi zilikuwa zimerudi juu ya vilima ambavyo wageni walivipiga picha kama mfano wa ardhi iliyokufa. Lakini gharama ya yule mwenye ng'ombe haikufutika, na kwa hiyo hata leo wako Warangi wenye heshima zao wanaobishana kama kazi ile ilifanywa kwa njia iliyo sawa. Twaona mabishano hayo ni ya watu wenye akili timamu. Kazi ya kujenga huwa na hesabu mbili, ya kilichoota na ya aliyelipa, nazo hazijibiwi kwa neno moja.

Kwa kipimo hicho, vijana waliovaa jezi nyekundu msimu ule walifanya kazi njema. Pointi 78 si haba. Kuongoza kundi Afrika si haba. Kufungwa fainali na Berkane, ambao walikwisha kulichukua kombe hilo mwaka 2020 na 2022, si aibu kwa timu iliyojengwa ndani ya mwaka mmoja. Ahoua alimaliza akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Wachezaji na mwalimu wao, kwa maoni yetu, walifaulu kwa kadiri ya mtu anayeweza kufaulu bila kushika kombe. Ila katika kuwafunga Yanga, hapo walishindwa bila udhuru, mara tatu kwa mara tatu, na mara ya mwisho kwa penalti ya Pacome Zouzoua na bao la Clement Mzize, wakati ambapo ushindi mmoja tu ungefuta maneno yote.

Lakini klabu si wachezaji kumi na mmoja. Klabu ni viongozi, na ni mashabiki pia, na hao msimu wao sisi hatuusifu.

Tuanze na mashabiki, kwa kuwa wao hupenda kupima wengine. Tarehe 15 Desemba 2024, Simba walipowafunga CS Sfaxien Dar es Salaam, vurugu zilizuka jukwaani na viti zaidi ya mia mbili vya uwanja wa taifa vikavunjwa. Wageni nao walikuwa na mkono wao katika fujo zile, hatukatai. Lakini viti vile vilinunuliwa kwa fedha ya umma, na adhabu ikawa kwamba mchezo wa mwisho wa kundi, dhidi ya Constantine, ulichezwa Januari uwanja ukiwa mtupu. Timu ilishinda mawili kwa bila mbele ya saruji. Mfanyakazi wa Kondoa aliyekuwa amekusanya fedha yake kwa ajili ya mchezo ule alibaki nyumbani kwa kosa la mtu asiyemjua. Ni kundi gani la wabishi wetu linalotia jambo hilo katika hesabu ya msimu? Hatujalisikia.

Kisha ikaja tarehe 8 Machi 2025. Mchezo wa marudiano wa Simba na Yanga ulikuwa umepangwa siku hiyo. Usiku wa kuamkia mchezo Simba walifika uwanjani kufanya mazoezi, kama kanuni inavyompa haki timu mgeni, wakazuiwa mlangoni. Asubuhi wakatangaza hawatacheza. Bodi ya Ligi ikauahirisha mchezo. Yanga nao wakasema kwao mchezo huo umekwisha na hawataucheza tena, wakalifikisha shauri hata mahakama ya michezo ya kimataifa, wakaambiwa wamalize kwanza njia za hapa nyumbani. Miezi mitatu na nusu nchi ikabishania mchezo usiochezwa.

Twakiri kwamba kuzuiwa mlangoni ni uonevu, na aliyewazuia Simba alikosa. Hata hivyo yatupasa kuuliza: kuna nini cha kupatikana kwa kukataa kucheza, zaidi ya kile ambacho kingepatikana kwa kucheza na kushitaki? Watu walikuwa wamekwisha kusafiri. Kutoka Kondoa hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 150, na kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni karibu 450 nyingine. Dereva, mwalimu, mchuuzi wa sokoni, wamefika mjini na tiketi mfukoni, wamelala kwa ndugu au hawakulala kabisa, wanaambiwa mchana hakuna mpira. Nauli haikurudishwa na mtu yeyote. Na katika upande wa kabumbu yenyewe, mwezi Machi timu ya Simba ilikuwa na miguu yenye nguvu. Ilipofika Juni ilikuwa imekwisha kupita Suez, Durban, Berkane, Zanzibar na Babati, na imepoteza makombe mawili ndani ya siku sita. Hatusemi wangeshinda Machi. Twasema kwamba aliyeamua wasicheze siku ile ndiye anayepaswa kuulizwa alichowapatia wanachama wake kwa uamuzi huo, naye aulizwe katika mkutano wa wanachama, siyo kijiweni.

Maana hili ndilo linalotuudhi katika mabishano ya namna hii. Mtu hubishana kutwa kucha na jirani yake ambaye hana madaraka yoyote, wanatoleana maneno, wengine wamewekeana fedha za mshahara katika kamari za mpira hata mtoto akakosa daftari, lakini siku ya mkutano wa klabu, au hata wa tawi la mashabiki, viti ni vitupu, na waliohudhuria hupiga makofi. Kiongozi akisema msimu umefaulu, makofi. Mwaka ujao akisema msimu uliopita ulikuwa mbaya ndiyo sababu amebadili timu, makofi.

Wenyeji wa mkoa huu wangeweza pia kutazama karibu zaidi. Dodoma Jiji, timu ya makao makuu, ilipata ajali ya basi mkoani Lindi mwezi Februari 2025 ikirudi Ruangwa kucheza na Namungo. Mchezo wake na Simba ukaahirishwa, na ulipochezwa Machi ikafungwa sita. Lakini haikushuka daraja, wakati Kagera Sugar, timu ya miaka mingi katika ligi, ilishuka pamoja na KenGold. Kwa Dodoma Jiji kubaki ndiko kulikuwa kombe. Hatukusikia mtu akibishana kijiweni Kondoa kuhusu msimu wao, na hilo kidogo lilitusikitisha.

Yaliyofuata baada ya Juni yameyafanya mabishano kuwa magumu zaidi kwa wahesabuji wa hatua. Mohamed Hussein, nahodha aliyeitwa Tshabalala, aliyekuwa na klabu ile kwa zaidi ya muongo mmoja, akahamia Yanga. Tarehe 16 Septemba 2025 msimu mpya ukafunguliwa kwa Ngao ya Jamii, na Yanga wakashinda tena, moja kwa bila, bao la Pacome. Kabla ya mwezi huo kwisha Fadlu Davids naye akaondoka kwenda Raja ya Casablanca.

Hoja kubwa ya vijana wa Kondoa ilikuwa kwamba msimu wa 2024/25 ulikuwa msingi. Tangu siku hiyo wazee wanawauliza fundi yuko wapi, nao vijana hujibu kwamba msingi haubebwi na fundi anapoondoka. Wote wawili tumewaona wakiinuka kijiweni kwa pamoja jioni moja kwenda kibandani, kila mmoja akitafuta fedha ya kiingilio mfukoni, kwa kuwa Simba walikuwa wanacheza.